Mafuta ya mgando, gozi na silikoni: vilivyotunza mshono wangu baada ya kutolewa kidoti

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Miaka 19 tepu ya kupimia imekaa shingoni mwangu tangu asubuhi hadi magharibi, na kila siku imepita juu ya kidoti nilichokuwa nacho upande wa kushoto, juu kidogo ya mtulinga. Kilikuwepo tangu utotoni na hakijawahi kunisumbua. Mwaka jana kikaanza kuinuka. Tepu ikikikwaruza kinatoa damu, nafuta, kesho yake tena. Siku damu ilipodondokea kola ya kanzu ya mteja, kanzu nyeupe ya Idi, niliweka mkasi chini nikaenda hospitali.

Daktari wa ngozi alikiangalia kwa lenzi yenye taa, akasema kitatolewa chote na kinyama chake kitapelekwa maabara. Nilichomwa sindano ya ganzi, nikahisi kuvutwavutwa tu, na nusu saa haikufika nikawa nimeshonwa na kufungwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufunikia kidonda. Nikaambiwa nisiifungue wala kuilowesha kwa siku mbili. Nilipoifungua mbele ya kioo niliona nyuzi tano nyeusi za nailoni, kila moja imepigwa peke yake na fundo lake, umbali sawa. Nashona kwa kulipwa, mkono uliotulia naujua nikiuona. Iliyobaki ilikuwa kazi yangu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa: vitu nilivyoweka juu ya mshono ule kwa miezi minane, kipi kimenifaa na kipi nimekitupa. Vyote nimenunua kwa fedha yangu.

Kwanza mjue nilikuwa naogopa nini. Mama yangu alitobolewa masikio akiwa msichana, na matundu yale yakaota makovu yaliyovimba. Yalianza kama punje ya kunde, yakafika ukubwa wa zabibu. Hilo ndilo kovu linaloitwa keloidi: halikai ndani ya mipaka ya kidonda, linavuka na kula ngozi nzima ya pembeni. Watu wenye ngozi nyeusi tunalipata kuliko wengine, hufuata ukoo, na lina sehemu zake linazopenda: ndewe za masikio, taya, kifua cha juu, mabega. Mshono wangu ulikuwa palepale linapopenda. Kwa hiyo nilimuuliza daktari kabla hajashika kisu, naye akaandika kwenye faili kwamba mama ana keloidi. Kama kwenu lipo, semeni mapema, msingoje kuulizwa.

Sasa vitu vyenyewe. Kilichofanya kazi kubwa kuliko vyote ni mafuta ya mgando, Vaseline ya kawaida isiyo na harufu, kopo la ml 100 nililonunua kwa shilingi 3,500. Kila asubuhi nilinawa mikono, nikasafisha mshono kwa maji na sabuni ya kawaida isiyo kali, nikaukausha kwa kugusagusa na kitambaa safi bila kusugua, nikapaka mafuta juu ya nyuzi, kisha gozi safi. Mafuta nilichota kwa kijiti cha pamba, kijiti kipya kila siku, ili kidole kisiingie koponi. Kopo hilo nililitenga kwa kidonda tu. La kupaka miguu watoto wana lao.

Ugomvi wa kwanza ulitoka kwa mama mkwe wangu, ambaye nampenda na amenilelea watoto. Aliponiona nafunika akasema, "Mwanangu, kidonda kinataka upepo kikauke. Ukikifunika na mafuta kitaoza." Ndivyo tulivyolelewa wote: kidonda kianikwe, kigaga kiwe kigumu, kisha kidondoke chenyewe. Sikutaka kumbishia. Nikampigia simu kijana wangu anayesoma famasia Dar es Salaam, nikaweka spika azungumze na bibi yake mwenyewe. Akamwambia, "Shikamoo bibi. Kidonda kikikauka, ngozi mpya haina pa kupita. Inabidi ichimbe chini ya kigaga." Akamweleza kwamba mwaka 1962 mtafiti mmoja Mwingereza, George Winter, alifanya majaribio kwa nguruwe: vidonda vilivyofunikwa vikabaki na unyevu viliota ngozi ya juu haraka zaidi, karibu mara mbili, kuliko vile vilivyoachwa vikauke hewani. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Basi tutaona." Na kila siku nilipofungua gozi alikuja kuchungulia.

Alichokiona ni hiki. Siku ya nne kingo za mshono zilikuwa laini, rangi ya kahawia iliyoiva, na hakukuwa na kigaga kinene, ila utando mwembamba kando ya nyuzi mbili za chini. Gozi ilibanduka bila kung'ang'ania. Mwenye kidonda anajua maana yake: gozi iliyogandia kidonda kikavu ukiivuta inaondoka na ngozi mpya na damu inaanza upya. Mafuta ya mgando hayana dawa ndani yake. Kazi yake ni kuziba tu, unyevu wa mwili usipotee. Jamaa aliyeyapatia jina la Vaseline, mkemia Robert Chesebrough, alisajili hataza yake Marekani mwaka 1872 baada ya kuona wachimba mafuta wa Pennsylvania wakijipaka nta iliyoganda kwenye vyuma vyao wakiungua au kujikata.

Nilimuuliza kijana kama nisingenunua mafuta ya antibiotiki, maana duka la dawa walinishauri hivyo. Akanisomea utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani. Wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi waligawanywa, wengine wakapaka mafuta meupe ya mgando, wengine mafuta yenye antibiotiki iitwayo basitrasini. Vidonda vilivyopata maambukizi vilikuwa vichache pande zote mbili, hakuna tofauti ya maana, ila waliopaka basitrasini wanne walipata mzio wa ngozi na waliopaka mgando hakuna hata mmoja. Nikabaki na kopo langu la 3,500. Kama daktari wako amekuandikia antibiotiki kwa sababu anazozijua, fuata yake. Mimi hakuniandikia.

Angalizo moja kuhusu kuchagua kopo. Mafuta mengi ya mgando ya madukani kwetu yametiwa rangi na manukato, ya waridi, ya kijani, yale ya watoto yanayonukia. Hayo si ya kidonda. Geuza kopo usome nyuma, ukikuta neno "parfum" rudisha rafuni.

Kitu nilichojutia ni peroksaidi. Duka moja la dawa walinipa kichupa, wakaniambia nioshee kila siku kuua vijidudu. Nilijaribu mara moja. Povu likachemka juu ya mshono, pakawaka, na kesho yake kingo zikawa nyeupe na zimelegea. Nesi aliponiona akaniambia niache siku hiyohiyo, kwa sababu peroksaidi haichagui, inaua na chembe mpya za ngozi zinazojaribu kuunga. Spiriti vilevile. Maji na sabuni vinatosha kwa kidonda safi kilichoshonwa.

Plasta nazo nilikosea. Niliyoanza nayo ilikuwa ya bei nafuu, ile ya kahawia ya kunata sana. Kwa joto letu la Tanga na jasho la kukaa kwenye mashine, siku ya pili ngozi iliota vipele, mraba kamili uliofuata umbo la plasta. Nikadhani ni maambukizi, moyo ukaenda mbio. Nesi alinionyesha namna ya kutofautisha. Vipele vya plasta vinawasha na vinafuata umbo la gundi. Maambukizi yanaanzia kwenye kidonda chenyewe: maumivu yanazidi badala ya kupungua, joto, uvimbe, usaha, pengine homa. Na kwa sisi weusi tusitafute wekundu tu, maana ngozi iliyovimba kwetu huweza kugeuka zambarau au kuwa nyeusi zaidi ya jirani yake. Weka kiganja upime joto. Nilibadilisha nikachukua plasta ya karatasi, nyepesi, inayobanduka polepole, na vipele vikaisha kwa siku tatu.

Siku ya kumi nyuzi zilitolewa. Za usoni hutolewa mapema zaidi, siku tano hadi saba, za mgongoni na kifuani huchukua hata wiki mbili. Nilitoka pale nikijiona nimepona, na hapo ndipo karibu niharibu. Jioni ileile niliinyanyua pasi ya mkaa kwa mkono wa kushoto, nikahisi mshono umekazwa kama kitambaa kilichokatwa kidogo kuliko mwili. Haukufumuka, nashukuru Mungu. Nesi alikuwa ameniambia na sikuwa nimemsikiliza: ngozi ya wiki mbili ina sehemu ndogo tu ya nguvu zake, inaendelea kujikaza kwa miezi, na hata ikimaliza inafika kama asilimia 80 ya nguvu za ngozi ya awali, haizidi. Kwa wiki nne binti yangu ndiye aliyepiga pasi na kubeba majora. Mshono unaovutwa kila siku hupanuka ukawa kovu pana, na kwa mwenye damu ya keloidi mvutano ni mwaliko.

Sasa silikoni, kitu cha ghali kuliko vyote nilivyonunua. Ni karatasi laini kama mpira, angavu, ina unato wake upande mmoja. Nililipa shilingi 48,000 kwa karatasi moja ya ukubwa wa kiganja, duka la dawa kubwa mjini. Haiwekwi juu ya kidonda kibichi. Nilingoja mpaka nyuzi zimetoka na hakuna mahali penye unyevu wala kigaga, nikaanza wiki ya tatu.

Hapa ufundi wangu ulinisaidia. Mtu ananunua karatasi nzima akaibandika nzima, nusu yake inafunika ngozi isiyo na shida. Mimi nilichora kovu langu kwenye karatasi ya kukatia patroni, likawa na urefu wa sentimita 3. Nikaongeza sentimita moja kila upande, nikazungusha pembe zote ziwe duara, kwa sababu pembe kali ndiyo inayonasa kwenye nguo na kuanza kubanduka. Nikaweka patroni juu ya silikoni, nikakata kwa mkasi mdogo wa kukatia nyuzi nilioufuta kwa spiriti. Vikatoka vipande sita. Kipande kimoja nilikitumia karibu wiki mbili: usiku nakiosha kwa maji na sabuni kidogo, nakianika juu ya sahani safi, kinarudi kunata kama kipya. Kikikataa kunata hata baada ya kuoshwa, nachukua kingine.

Siku za kwanza nilikaa nacho saa nne, nikaongeza mpaka nikafika saa kumi na mbili na zaidi kwa siku. Tatizo lake ni jasho. Mchana wa Januari, umeme umekatika na feni imelala, silikoni inateleza kama samaki. Nikaamua kuivaa kuanzia jioni mpaka asubuhi, na mchana ninapokuwa kwenye kivuli. Mara mbili ngozi ilianza kuwasha chini yake, nikapumzisha siku mbili, ikatulia.

Imenifaa? Naamini imenifaa. Kovu lilikuwa limeanza kuinuka kidogo wiki ya tano, unalihisi ukipitisha kidole, na kufikia mwezi wa nne lilikuwa limelala. Lakini sitamdanganya mtu: tafiti za silikoni nyingi ni dhaifu, na makovu mengine hulala yenyewe. Ningekuwa sina mama mwenye keloidi, nisingetoa 48,000. Kwa kuwa ninaye, ningetoa tena kesho. Na kama kovu lingevuka mipaka ya mshono, mpango wangu ulikuwa kurudi kwa daktari mapema. Keloidi changa huchomwa sindano za steroidi ndani ya kovu lenyewe, na kuikata tu bila matibabu mengine mara nyingi huirudisha kubwa kuliko mwanzo. Mama yangu lilimpata hilo kwenye sikio la kulia.

Jua nalo lina mkono wake. Kovu changa likipigwa jua kwetu linageuka jeusi tii na weusi huo hukaa miezi. Nilinunua losheni ya kuzuia jua yenye SPF 50 na zinki oksaidi, shilingi 38,000. Inalinda, ila inaacha weupe kama nimepakwa unga, na inachafua kola za nguo ninazoshona. Aliyenifundisha kuipaka ni mteja wangu mmoja mwenye ualbino, anayetumia losheni ya KiliSun, ile iliyoanza kutengenezwa Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kwake losheni si urembo, ni uhai. Aliniangalia ninavyochota akasema, "Mama, hiyo ni ya kuonja. Paka ya kutosha, na kila baada ya saa mbili paka tena." Yeye pia ndiye aliyesema nguo ni bora kuliko losheni. Akanikumbusha kitu ninachokijua kila siku: inua kitambaa kwenye mwanga, kikionyesha jua, jua linapita. Nikajishonea mitandio miwili ya kitenge kizito, leso na vitambaa vya neti nikaviacha ndani. Losheni ninapaka siku za kwenda sokoni na pwani tu.

Jambo linaloniuma ni mkorogo. Mwezi wa pili, kovu lilipokuwa bado jeusi, wateja watatu kwa nyakati tofauti walinishauri krimu ya kuling'arisha. Mmoja alinifungulia pochi akanionyesha. Dada zangu, krimu hizo zina haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania, na mnataka niziweke juu ya ngozi ya miezi miwili? Weusi wa kovu hupungua wenyewe ukiliepusha na jua. Wangu ulianza kufifia mwezi wa tano bila kupaka kitu chochote cha kung'arisha.

Na wale wanaouza dawa za kutoa vidoti mtandaoni, za kupaka nyumbani mpaka kidoti kidondoke, muwaepuke. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilituma barua za onyo kwa wauzaji, Amazon ikiwemo, na ikaeleza kwamba hakuna hata dawa moja ya aina hiyo iliyoidhinishwa kuuzwa bila cheti cha daktari. Zinaunguza ngozi, zinaacha shimo na kovu. Baya zaidi, kidoti kinapotea bila mtu kujua kilikuwa nini. Changu kilikaa maabara wiki tatu, wiki ambazo sikulala vizuri, kisha daktari akanipigia: si saratani. Nililia dukani mbele ya watu. Tusidhani saratani ya ngozi ni ya Wazungu. Aina yake mbaya, melanoma, kwa watu weusi hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali tusipotazama. Bob Marley ilianza chini ya kucha ya kidole cha mguu, ikamuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Kama ni maksi: mafuta ya mgando yasiyo na harufu natoa kumi juu ya kumi. Plasta ya karatasi tisa. Silikoni saba, kwa bei yake na jasho letu, na nane kwa mwenye ukoo wa keloidi. Losheni ya jua sita, mtandio wa kitenge kumi. Peroksaidi na plasta ya kahawia sina maksi za kutoa.

Sasa ni mwezi wa nane. Kovu ni mstari mwembamba, mweusi kidogo kuliko shingo, umelala sawa na ngozi. Tepu nimehamishia upande wa kulia. Shoga yangu wa duka la vifungo anatolewa cha kwake Jumanne, kiko begani. Nimemnunulia kopo la mgando, na kati ya vipande vyangu sita viwili havijaguswa, nimempa kwenye bahasha na kumwandikia juu yake kwa chaki ya kushonea: "Mpaka nyuzi zitoke."